Vichupa vya Mama Mkwe

Mwenye dhiki ya kweli hapa duniani ni yule ambaye kompyuta yake imemwita mama mkwe wake mwongo, naye anatakiwa atie sahihi kwamba kompyuta imesema kweli. Dhiki nyingine zote zina dawa.

Jengo zima lilimwita Mkwe. Jina alipewa na mama mkwe mwenyewe, siku ya kwanza alipomwona akipanda ngazi na begi la kompyuta mgongoni, akatangaza kwa sauti iliyofika mpaka stoo, "Jamani, huyo ni mkwe wangu, mpisheni!" Tangu hapo, kuanzia mlinzi wa getini mpaka Profesa mwenye maabara yake, hakuna aliyemwita vingine. Wala hakuchukia. Mama yake mzazi alifariki yeye ana miaka tisa, na kuitwa Mkwe kutwa nzima kulikuwa ni kukumbushwa kwamba naye ana kwao.

Mama mkwe alikuwa fundi wa maabara, mwaka wa ishirini na nane huo, bado miezi minne astaafu. Kazi yao ukiisikia mara ya kwanza unaweza kucheka. Walichukua bakteria, wakawapasua, wakatupa maganda, wakabaki na maji ya ndani, nayo wakayaita mchuzi. Bakteria ameshakufa, lakini mitambo yake midogo ya kutengenezea protini imo mle mle inaelea. Ukiipa maelekezo ya protini unayoitaka, ukaipa na matofali ya kujengea na mafuta ya kuendeshea, inachapa kazi kama vile mwenye nyumba hajaondoka. Nia yao ilikuwa wapate protini ya kupimia ugonjwa wa figo kwa watoto. Ila kwa majaribio walitumia kwanza ile inayong'aa kijani, kwa kuwa mng'ao unapimika: ukizidi, ujue protini nayo imezidi.

Mkwe hakugusa mchuzi hata tone. Yeye alikaa ghorofani akiutengeneza upya ndani ya kompyuta, kwa hesabu tupu. Dakika hii mafuta yamebaki kiasi hiki, matofali kiasi hiki, protini imefika hapa. Modeli ikiwa nzuri inakuambia leo kitakachotoka kesho, ukaacha kumwaga mchuzi bure. Na modeli yake ilikuwa nzuri, tena aliipenda. Mstari wake ulipanda kwa saa mbili, mafuta yakaisha, ukalala. Vichupa vya mchuzi vya mafundi wa benchi la mbele vilipopimwa, namba zao zilitua kwenye mstari ule ule kiasi kwamba Mkwe alipiga makofi peke yake chumbani.

Vya mama mkwe vilikataa. Majaribio kumi na moja, na yote yalitoka yameuzidi mstari kwa nusu nzima. Hesabu ilisema haiwezekani. Mafuta hayatoshi, basi.

Alhamisi Profesa alimwita. Profesa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa namba, na mtu wa namba huwa hana kona za kujificha.

"Mkwe, mstari wako unapita kwenye vichupa vya kila mtu isipokuwa vya mtu mmoja."

"Ndiyo, Profesa."

"Umri umeenda. Macho yanachoka, mkono unachoka. Naamini anachota zaidi bila kujua. Nataka tuyafute majaribio yake kumi na moja, naye amalizie miezi yake stoo, apumzike. Niandikie ukurasa mmoja tu, kwamba vipimo vyake havikubaliki. Jumatano niwe nao."

"Profesa, huyo ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Utauandika kwa adabu."

Lo! Adabu gani hiyo ya kumzika mtu kwa maneno mazuri? Mama aliyekaa benchi moja miaka ishirini na minane amalizie kazi anahesabu maboksi ya glavu, na kila apitaye mlangoni ajue ni kwa nini!

Sasa wewe utasema, si angeshuka tu akamtazama anavyofanya kazi? Sema, wewe usiye na mkwe. Mama mkwe alifanya kazi peke yake, kwenye kile chumba cha mwisho chenye kabati la joto, na watu wote aliwafukuza: "Mchuzi hautaki watazamaji." Mkwe akishuka kuchukua daftari alisimama nje, akakohoa, akangoja. Humo ndani mara nyingine alisikia tak, tak, tak, kama mara kumi na mbili hivi, akadhani mama anafunga droo. Kisha mlango ungefunguka kidogo, daftari likatoka, akalipokea kwa mikono miwili huku anatazama chini. Kusimama nyuma ya mama mkwe umkodolee macho mikononi kama askari wa zamu? Hapana. Kwa hiyo, miaka miwili ya mradi, Mkwe alijua kazi ya mama yule kwa mwandiko wake tu. Na daftari lilisema: chota, changanya, funika, ngoja saa nne, pima.

Ijumaa jioni alimwambia mkewe. Mkewe alikuwa anakunja nepi, akaacha.

"Unataka kumwandika mama yangu mwongo?"

"Si mwongo. Nimeandika 'vipimo havikubaliki'."

"Tafuta neno jingine, au tafuta pa kulala."

Halafu akakaa kitandani na nepi mkononi, machozi yakamtoka. "Mama hakosei kipimo. Nimelelewa na kipimo mimi! Hata dawa ya kikohozi alikuwa anaishika juu kwenye mwanga kwanza. Wewe tafuta ulipokosea wewe."

Mkwe alitafuta. Jumamosi asubuhi nzima alitafuta, akajumlisha upya, akapunguza, akaongeza, mstari ukalala pale pale kwenye saa mbili.

Mchana mama mkwe akaja kumwona mjukuu, kama kila Jumamosi. Mtoto alikuwa na wiki kumi, amelala kwenye kikapu chake karibu na dirisha, shuka jepesi limemfunika mpaka kidevuni. Mkewe yuko bafuni anafua. Mkwe yuko kwenye kiti cha pembeni na kompyuta mapajani, anamwogopa mgeni wake hata kumwangalia, maana ukurasa ulikuwa umeshaandikwa nusu na umo humo humo kwenye kompyuta. Mama mkwe akauliza habari za kazi. "Nzuri, mama." Akauliza kama anakula vizuri. "Nakula, mama." Maongezi yakaishia hapo.

Kisha mama akainuka, akaenda kwenye kikapu. Akaliinua shuka kwa kidole gumba, akainama, akasikiliza. Akampiga mtoto unyayoni kwa ncha ya kidole, kidogo tu. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akakunja uso, akaendelea kulala. Mama akamfunika, akarudi kukaa.

"Mama, umemfunua tena?" mkewe aliita kutoka bafuni. "Utamchosha mwanangu!"

"Namwangalia kama anapumua."

"Anapumua! Kama alivyokuwa anapumua nusu saa iliyopita!"

"Na nusu saa ijayo nitamwangalia tena. Fua nguo wewe."

Mkwe alicheka kimya kimya. Kisha kicheko kikakatika. Nusu saa. Kidole gumba kikiinua, ncha ya kidole ikipiga. Akazisikia zile droo za chumba cha mwisho, tak, tak, tak, mara kumi na mbili, na akakumbuka kwamba kile chumba, alichowahi kukichungulia siku mama hayupo, hakina droo hata moja.

Akafunga kompyuta, akafungua, akafunga tena. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lakini kumwuliza mama mkwe neno kama lile! Akakohoa, kama vile yuko nje ya mlango.

"Mama, samahani sana. Na kule kazini, vichupa... huwa unavifunua?"

Mama mkwe aliiweka mikono mapajani akaitazama.

"Umenikamata, baba," alisema.

"Hapana mama, mimi sija..."

"Umenikamata. Kitabu cha taratibu nilikiandika mimi mwenyewe, kifuniko kisifunguliwe mpaka mwisho. Na mimi ndiye ninayekivunja. Kila nusu saa nafungua kimoja kimoja, nakipiga kidole, nafunga. Nimejikataza, nimeshindwa. Nilipoona namba zangu haziendi na zako nikajua ndiyo hayo, nimekuharibia kazi, nikanyamaza. Wanasema mficha uchi hazai. Lakini ningeanzia wapi kumwambia mkwe wangu?"

"Kwa nini unavifunua, mama?"

Maji ya bafuni yalikuwa yamenyamaza.

"Huyu mkeo alizaliwa wa miezi saba. Kilo moja na robo. Wakamtia kwenye sanduku la kioo lenye joto, nesi akaniambia, mama, kaa hapa umtazame, lakini usifungue. Nikakaa. Siku ya nne, mchana kweupe, nikaona kifua kimetulia. Nikaita, nesi yuko wodi ya pili. Nikafungua kidirisha, nikampiga kidole unyayoni. Akavuta pumzi. Nesi alipokuja akanigombeza sana, halafu akanikumbatia. Tulikaa pale wiki tano, na kila nusu saa mimi nilikuwa kidirisha na kidole. Niliporudi kazini mkono ulikuwa umeshazoea. Nikifunika kitu, nusu saa ikipita, roho haitulii. Najua ni mchuzi. Najua hauna uhai. Mkono haujui."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa bafuni, povu likimtiririka mpaka viwikoni.

"Mama, hujawahi kuniambia."

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba ulikufa kidogo?"

Mkewe akaja na mapovu yake yote akamkumbatia mama yake shingoni, na mama akawa anasema, "Niachie, unanilowesha," huku yeye ndiye hamwachii. Mkwe alitazama pembeni. Machozi hayangoji ruhusa ya mkwe, naye yalikuwa yamemfika.

Kisha akafuta uso, akahamia kwenye kochi na kompyuta yake.

"Mama, njoo ukae hapa."

"Hapo? Karibu yako?"

"Hapa hapa."

Kwa mara ya kwanza tangu ndoa wakakaa kochi moja, mto katikati yao kwa ajili ya heshima. Mkwe akamweleza. Bakteria akipasuliwa, ngozi yake ya ndani hukatika vipande, na vipande vile hujikunja vikawa vifuko vidogo vidogo ndani ya mchuzi. Vifuko hivyo bado vinatumia hewa, na vikipata hewa vinatengeneza mafuta mapya. Ndani ya kichupa kilichofungwa hewa inakwisha upesi. Modeli yake ilikuwa na mafuta, ilikuwa na matofali, ilikuwa na kila kitu, isipokuwa haikuwa na hewa. Hakuona haja, kwa sababu kitabu kilisema kifuniko kimefungwa.

"Kwa hiyo mchuzi unapumua?" mama mkwe aliuliza.

"Unapumua, mama. Wewe ulikuwa unaupa pumzi, na mimi nilikuwa nakuhesabia makosa."

Akaandika hewa ndani ya hesabu. Kila nusu saa kifuniko kifunguke, hewa iingie, kichupa kitikiswe. Akabonyeza. Mstari ukapanda, ukafika saa mbili pale ulipozoea kulala, ukapita. Ukaenda mpaka saa nne, ukatua katikati ya zile nukta kumi na moja. Mkewe alipiga kigelegele mpaka mtoto akaamka analia, na kwa mara hiyo moja bibi yake hakuhitaji kumchungulia.

Lakini Profesa, nilishasema, ni mtu wa namba. Jumatatu asubuhi alitazama ule mstari mpya akavua miwani.

"Mzuri. Lakini umeupinda baada ya kuyajua majibu, Mkwe. Na umeupinda kuelekea kwa mama wa mkeo. Mtu asiyekujua akiuona, atasemaje?"

Alikuwa na haki, na Mkwe alilijua hilo tangu anapanda ngazi. Akatoa bahasha. "Humu nimeandika namba mbili kabla ya jaribio. Leo mama afanye vichupa kumi na viwili kwa mchuzi mmoja na mkono mmoja. Sita avifunue kila nusu saa. Sita asiviguse mpaka mwisho. Kama nimekosea, ukurasa wako nitautia sahihi leo hii."

Profesa akaiweka bahasha mfukoni. Mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo, "Sita niviache saa nne nzima?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Siku hiyo Mkwe hakukohoa nje. Aliingia chumba cha mwisho, akavuta kigoda. Akamtazama mama mkwe akichota, na wallahi hakuona mkono uliochoka. Ule mkono ulitua kwenye kila kichupa kwa kipimo kile kile, bila tone kuning'inia. Vichupa vilikuwa vidogo kama kidole cha mtoto. Sita kulia, sita kushoto, vyote vikaingia kwenye kabati la joto.

Nusu saa ya kwanza mama akafungua vya kulia. Tak, tak, tak, tak, tak, tak. Akavitazama vya kushoto, akafunga mlango wa kabati.

Saa moja na nusu ilipopita alianza kutembea chumbani. Alifuta meza safi. Akapanga glavu zilizopangwa. Saa mbili zilipotimia, akafungua vya kulia, na mkono wa kushoto ukaenda wenyewe. Uliruka mpaka juu ya kichupa cha kwanza cha upande ule mwingine, kidole gumba kikakaa chini ya kifuniko.

"Mama," Mkwe alisema.

"Najua."

"Ukifungua, hatutakuwa na jaribio."

"Najua, baba. Nimesema najua." Lakini kidole hakikutoka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hakuwa anatazama vichupa, alikuwa anatazama kifua kimoja kidogo nyuma ya kioo, miaka ishirini na sita nyuma, na hakuna nesi.

Mkwe aliinuka kwenye kigoda. Hakuwahi kumgusa mama mkwe zaidi ya salamu. Akauchukua ule mkono, akautoa pale polepole, akaushika kwa mikono yake miwili, vile alivyozoea kulipokea daftari.

"Hao hawafi, mama. Wanalala tu. Yule wako mzima, tena mkali, Ijumaa nusura anifukuze nyumbani."

Mama akacheka na kulia kwa pamoja. "Alinisimulia."

Wakakaa hivyo. Kila nusu saa Mkwe aliuacha mkono wa kulia ufanye kazi yake, wa kushoto akaendelea kuushika. Hakuna aliyeona aibu, au labda waliona, lakini hawakuachiana mpaka saa ya kabati ilipolia.

Kabla ya kupeleka vichupa kupimwa, mama mkwe akavipiga kidole vile sita vilivyofungwa, kimoja kimoja, bila kuvifungua. Jaribio lilikuwa limekwisha, haikudhuru kitu. Mkwe alimwacha.

Profesa alisoma namba kwenye mashine mwenyewe. Vilivyofungwa, wastani arobaini na moja. Vilivyofunguliwa, sitini. Akafungua bahasha. Humo mlikuwa na arobaini, na sitini na moja. Akaikunja karatasi, akasimama mbele ya fundi wake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, nilitaka kukupeleka stoo."

"Nilisikia, Profesa. Ukuta wa hapa mwembamba."

"Nisamehe. Lakini miaka miwili, mbona hukuandika kwenye daftari?"

"Daftari lina safu ya joto, safu ya muda, safu ya kipimo," mama mkwe alisema. "Safu ya woga haimo. Ningeandika wapi?"

Profesa akacheka, akamshika mabega. Ule ukurasa haukumaliziwa. Majaribio kumi na moja yakabaki, yakawa ndiyo bora kuliko yote, na miezi minne iliyosalia mama mkwe aliitumia akiwafundisha wa benchi la mbele namna ya kufungua kifuniko bila kupoteza tone. Chumba cha mwisho kikajaa watu, naye akilalamika kwamba wanamzibia hewa, na Mkwe akiwa mmojawapo, amesimama mbele kabisa.

Jumamosi ya wiki ile ya jaribio mama mkwe alikuja kumwona mjukuu. Alikuwa amechoka, wiki ilikuwa ndefu. Mtoto kikapuni, shuka kidevuni, mkewe amekwenda sokoni. Nusu saa ilipotimia mama mkwe akashika mikono ya kiti ili ainuke.

"Kaa, mama," Mkwe alisema.

Akaenda yeye kwenye kikapu. Akainua shuka kwa kidole gumba, akainama, akasikiliza.

"Anapumua."

"Umemgusa unyayo?"

Akaugusa. Mtoto akavuta pumzi ndefu. "Nimemgusa."

Mama mkwe akaegemea nyuma. Akasema atafumba macho dakika mbili tu, na kabla dakika moja haijaisha alikuwa ameshalala, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani. Mkwe akaleta shuka jingine akamfunika mpaka kifuani, akamwachia uso wazi. Kisha akatazama saa ya ukutani, akavuta kiti, akakaa katikati ya wale wawili.